Mwaka Nilipomuita Mungu Makala

Kama nyumbani kwako kuna mutu aliyeamka asubuhi mudomo umeenda upande na mukono haumusikii tena, sogea karibu, nakuandikia wewe. Siandiki kwa ajili ya wanganga, wao wana vitabu vyao. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri, kisha baba akasema mutoto mwanamuke akijua kupima muchele kwa kopo inatosha. Na haya naandika na mukono wa kushoto, kwa hiyo usicheke herufi zangu. Zaina, binti yangu, atazinyoosha.

Jina langu ni Mwavita. Baba alitoka Kasongo, kule Maniema, na biashara ya chumvi na vitambaa, akafika Goma, akaoa, akabaki. Nimezaliwa hapa na nimezeekea hapa, kartiye ya Mapendo. Kabla ya kuugua, watu walinijua kwa kitu kimoja tu: majina. Ukiniambia jina lako leo, nitakuita nalo hata kama vita vimepita katikati. Nilijua nani alizaa nani, nani alifia wapi, nani alizikwa na nani. Arusi ikipangwa, wazee walikuja kwangu kwanza kuuliza kama bwana na bibi si ndugu. Na yale majina mazuri ya Mungu, tisini na tisa, niliyapita kwa tasbihi kila alfajiri bila kuruka hata moja, tangu Mwalimu Feruzi aliponifundisha nikiwa binti mwenye misuko miwili ya nywele.

Ugonjwa ulijua mahali pa kunipiga.

Ilikuwa mwezi wa mufungo, siku za mwisho mwisho. Nilikuwa nimeinama juu ya mbabula, jiko letu la makaa, nachochea uji wa futari, na moto ulikuwa unafifia. Nikasema, "Zaina, ongeza makala." Neno hilo la makala, ndivyo tunavyoita makaa, lilitoka, kisha mwiko ukaanguka kutoka mukononi mwangu nikiuona. Sikusikia maumivu. Niliona tu uji unamwagika, nikashangaa kwa nini siuzuii. Kisha ukuta ukaja kunilalia.

Kesho yake, lopitalini, tulikaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi mpaka jua likatoka dirisha moja na kuingia la pili. Zaina alinishika kama gunia linalotaka kuanguka. Mate yalinitoka upande wa kuume, naye anayafuta na kona ya kitenge chake, anajifanya haoni kwamba nimejikojolea. Mama mwenye kuandika wagonjwa akaja.

"Mama, jina lako nani?"

Nikafungua mudomo kusema Mwavita binti Abedi. Ikatoka: "Makala."

"Mama Makala," akaandika.

"Hapana!" Zaina akasema. "Anaitwa Mwavita. Mama, mwambie. Mwavita."

"Makala," nikasema tena, kwa nguvu. "Makala, makala!"

Watu wa benchi walicheka kidogo, kisha wakaacha. Neno lile ndilo lilibaki kinywani mwangu. Nikitaka maji, makala. Nikitaka kuita Zaina, makala. Na ndani ya kichwa, nakuapia, vitu vyote vilikuwa pahali pake, kama nyumba iliyopangwa vizuri ambayo mulango wake tu ndio umegoma. Nilijua majina yote. Nilimjua hata yule mama mwenye kalamu: alikuwa Furaha, binti ya Muhindo aliyekuwa anauza samaki za sambaza karibu na soko. Lakini nani angeniamini?

Siku zile za kitandani ndipo nilisikia habari za Mungu kuliko nilivyosikia maisha yangu yote. Mutu mwenye afya hawamuelezi Mungu sana. Lakini lala chini, usiweze kujibu, uone! Mama Sifa wa avenyu yetu alikaa upande wa miguu akasema, "Mungu anakujaribu, vumilia." Alipotoka, akaingia jirani mwingine: "Mungu anakusafisha zambi." Mutu wa kitanda cha pili, ambaye hata hatukujuana, akaongeza kwamba Mungu alikuwa ananipumzisha, kwa sababu nilisema sana. Walimueleza kama mutu wa nyumba ya jirani, aliyekula kwao jana akawaambia mambo yake yote. Mimi nilikuwa nawatazama na jicho moja lisilofungika, nikijiuliza: nyie wote, alikuambieni lini?

Basi nikuambie juu ya Sadiki, kwa sababu bila yeye habari hii haina mwili. Sadiki ni mudogo wangu. Mama yetu alikufa yeye hajaota meno, nikamubeba mugongoni, nikamutafunia viazi. Leo ni muzee mwenye duka la vitenge Mabanga, amesoma dini, watu wanamfuata kwa mambo ya mirathi na talaka. Ni kichwa cha familia yetu. Ananiita Yaya, kama kila mutu wa hapa anavyomuita mukubwa wake. Si mutu mubaya. Shika hilo.

Waliponirudisha nyumbani, Zaina alinielekeza kibla kwenye kiti, akanifunika ushungi. Sadiki alikuwapo. Nikainua mukono mumoja ulionibakia. Moyoni nilikuwa nasema maneno yale ya kufungulia swala, sawasawa, herufi kwa herufi. Mudomo ukasema: "Makala."

"Yaya!" Sadiki akaruka, akanifunika mudomo na kiganja chake. Haikuwa hasira. Aliogopa.

"Mujomba, anaswali," Zaina akasema.

"Anaswali nini? Anamuita Mwenyezi Mungu makala! Ulisikia kabisa!" Akakaa chini, akaniongelesha polepole kama mutoto. "Yaya, sikiliza. Mutu aliyetokwa na akili, Mungu amemusamehe. Haulizwi swala, haulizwi mufungo. Afazali unyamaze. Kunyamaza hakuna zambi."

Alitaka kunipunguzia muzigo. Lakini wewe uliye na mugonjwa kama mimi, jua hili: mutu akikusamehe swala yako, amekutoa katika watu. Kwa siku nyingi niliketi na ushungi wangu, mudomo umefungwa, wakiswali bila mimi.

Idi ilikuwa imepita. Halafu mulima ukatoka, ule mulima wa moto ulio juu ya muji wetu.

Sitaeleza sana, wengi muliona. Jioni mbingu ikawa nyekundu upande wa Kibati, moto ukashuka, ukala nyumba za watu, ukasimama karibu na muji. Tukasema alhamdulillahi, imekwisha. Kumbe ardhi ilianza kutetemeka siku kwa siku, kuta zikapasuka, mpaka serikali ikasema watu watoke, upande wa Sake. Asubuhi barabara yote ikawa vichwa na magodoro. Sadiki alikodi chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea viazi, akanifunga juu yake na kamba na godoro nyuma, yeye mwenyewe akasukuma pamoja na mwenye chukudu, muzee na ndevu zake nyeupe, anahema. Nilikuambia si mutu mubaya.

Sake tulipata kona katika darasa la shule moja. Kulikuwa na watu wa kila namna, na maji hayakuwa. Na hapo tena, Mungu akaelezwa! Mumoja akasema mulima ni kiboko cha Mungu juu ya Goma kwa sababu ya pombe na umalaya. Mwingine alikuwa anashukuru kwa sauti: moto ulifika kwenye uzio wake ukageuka, Mungu anamupenda. Na jirani yake, ambaye moto ulipogeuka ulienda kwake, alikuwa ameketi palepale, anakunja shati la mutoto, analikunjua, analikunja tena. Sikusema kitu. Singeweza. Lakini ndani nilikuwa nakasirika kwa mara ya kwanza tangu niugue, na hasira ile ilinifaa kama dawa. Nilijua bado niko.

Karibu yetu alilala Mama Bahati, mukristo, mutu wa milima ya Masisi. Aliwahi kukimbia vita mara nyingi kabla ya kukimbia moto, akasema vita ni afazali kwa sababu vinapumzika ili vipate kula. Alikuwa mama munene mwenye kucheka na mabega. Asubuhi moja wakristo wa darasa lile walianza kuomba, kila mutu kwa sauti yake, kama ilivyo desturi yao. Akanigeukia.

"Mama, na wewe omba. Kwani wewe hautetemeki?"

Nikamuonyesha mudomo wangu, nikatikisa kichwa.

"Omba hivyohivyo."

Sadiki alikuwa ametoka kutafuta maji. Nikafumba macho. "Makala," nikasema. "Makala, makala, makala." Nilimuambia Mungu yote: juu ya mukono, juu ya Sadiki, juu ya yule mutu wa shati, juu ya aibu ya kula na mukono wa kushoto mbele ya wageni. Nililia mpaka kamasi zikanitoka. Nilipomaliza, Mama Bahati akasema, "Amina!" kwa sauti kubwa kama amesikia kila kitu.

Sadiki alikuwa mulangoni na bidoni lake la maji.

"Mama, unaitikia nini?" akamuuliza. "Unajua amesema nini?"

"Papa, hata mimi sijui nilisema nini saa ile. Mimi nilikuwa napiga kelele tu."

"Wewe ulisema Mungu. Yeye anasema makala. Si sawa."

"Na wewe, papa, unaposema Mungu, neno hilo linamutosha?"

Sadiki akashusha bidoni. "Majina yake alijipa mwenyewe. Hatukuyatunga sisi. Na yeye hana mufano."

"Eh, hana mufano," Mama Bahati akasema. "Basi kama anangojea tumuseme vizuri ndipo asikie, sisi wote wa darasa hili tumekwisha. Nipe maji kidogo, papa musomi, mudomo umekauka kwa kuomba."

Watu walicheka. Sadiki hakucheka, lakini alimumiminia maji. Nami nikawa na kitu cha kutafuna usiku na muchana. Sadiki alisema kweli, majina alijipa mwenyewe, ni neema. Lakini unapomulisha mutoto, unamupa kijiko kidogo. Unapima mudomo wake, haupimi sufuria. Mutoto akidhani kijiko ndicho sufuria, utamupiga? Hautamupiga. Utamulisha. Kijiko changu kilivunjika, kikabaki kipande cha mupini. Nikaamua nitaendelea kula na mupini. Tangu siku ile niliswali kila swala, moyoni na mudomo wazi, neno litoke lolote. Sadiki akiwapo, nilimutazama usoni na kuendelea.

Tuliporudi Goma, Zaina akanipeleka kwa Papa Kambale, mutu mwembamba wa kabila la Wanande mwenye kufanya kine, ile kazi ya kuamsha mikono na miguu iliyolala. Chumba chake kilinukia mafuta ya kuchua na viatu. Tulingoja tukiwa tumepangwa ukutani, kila mutu na upande wake uliokufa: mimi kuume, muzee wa mbele yangu kushoto. Tukikaa jirani, tunafanya mutu mumoja muzima, ndivyo Kambale alivyotuchekesha. Alinifunga muguu, akaufungua, akanisimamisha kati ya mbao mbili za kushikilia. Nilichukia zile mbao. Nilirudi kwazo kila wiki, masika na kiangazi.

Kwa mudomo, akamuuliza Zaina, "Mama alikuwa anaimba?"

"Kasida tu, za maulidi."

"Mwanzishie moja."

Zaina akaanza kwa haya, kwa kuwa Kambale ni mukristo na anamsikiliza. Na mimi nikafuata. Maneno yalitoka! Ndani ya wimbo yalitoka yote, kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Wimbo ulipoisha, mulango ukajifunga tena, nikasema makala. Lakini Zaina alikuwa ameketi sakafuni, anakumbatia goti langu.

Kwa hiyo nakuambia, wewe mwenye mugonjwa: imba naye. Usimupigie kelele, si kiziwi. Usijibu kwa niaba yake kabla hajajaribu. Usizungumze juu ya kichwa chake kama juu ya jeneza. Mufungie kandambili na utambaa ili isitoke kwenye muguu mulegevu. Na mumoja wenu amusuke nywele, hata kama ni muzee, kwa sababu kichwa kile bado kinasikia vidole.

Neno langu la kwanza lililotoka nje ya wimbo halikuwa zuri. Sadiki alikuja siku moja, akaketi, akaanza kumuelezea Zaina mbele yangu kwamba ugonjwa wangu una hekima ambayo Mungu ameificha, na yeye, Sadiki, anafikiri hekima hiyo ni hii na hii na hii. Alifika ya tatu. Nikasikia sauti ya mutu ikisema, wazi kabisa: "Pumbavu!"

Zaina akaficha uso ndani ya kitenge, mabega yanacheza.

"Ni nani amesema?" Sadiki akauliza.

"Pumbavu," nikarudia, kwa furaha kubwa. "Pumbavu! Pumbavu!"

Kambale aliposikia habari alipiga makofi, akasema ni hivyo, matusi yanatangulia mara nyingi. Lakini Sadiki aliondoka na wasiwasi. Maisha yote sikuwahi kumutukana. Akaanza kusema huenda si ugonjwa tu, huenda kuna jini anayesema ndani ya Yaya, anayemutukana Mungu kwanza na kisha watu.

Mufungo wa pili ukaja na kwenda. Nilikula muchana peke yangu nyuma ya pazia, kama mutu mwenye hezi. Maneno yaliongezeka polepole: maji, hapana, njoo, yeye, wapi. Lakini jina, hata moja, halikutoka. La Mungu halikutoka, la Zaina halikutoka. Halafu vita vikarudi upande wa Rutshuru. Wakimbizi walishuka na mikeka vichwani, wakajaa upande wa Kibati, juu ya mawe yaleyale ya moto wa juzi. Siku nyingine hakukuwa na moto-taksi, zile pikipiki za kubeba watu, hatukuweza kwenda kwa Kambale, na Zaina akaninyoosha muguu nyumbani tukisikia mabomu mbali, kama mutu anasogeza kabati.

Katika hali ile, mwezi mumoja kabla ya mufungo wa tatu, Sadiki akaleta uamuzi wake. Nitapelekwa Kindu, kule Maniema, kwa ndege. Kuna mwalimu kule atakayenisomea, anitoe jini. Nitakaa kwa binamu yetu Shabani.

"Kwa muda gani, mujomba?" Zaina akauliza.

"Mpaka apone. Na kama haponi, kule ni kwetu. Hapa vita vinakuja, Zaina. Nani atamusukuma tena?"

Zaina alimuleta hata Kambale aje kusema. Kambale akasimama mulangoni, kofia mukononi. "Papa, mukimukata mazoezi sasa, muguu utalala tena, na ulimi pia."

"Wewe unatengeneza misuli, na tunakushukuru," Sadiki akasema. "Akili si musuli. Kama kuna akili pale ndani, nionyeshe."

Nilikuwa nimekaa hapo, hatua chache kutoka kwao. Nilitaka kusema: Sadiki, ninajua siku uliyozaliwa ilikuwa ya mvua ya mawe. Nikasema: "Hapana. Hapana! Makala." Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinitisha kuliko jini lolote. Kindu sikujua mutu aliye hai isipokuwa Shabani. Ningekaa pale kwenye kona, kitu kilichotokwa na akili, mpaka kufa. Tiketi ilikuwa ya juma lililofuata hitima.

Kwetu, kabla ya mufungo, familia inakutana kusomea wafu. Wanaume wanasoma juzuu, kisha mutu mumoja anaita marehemu kwa majina, wote, asiachwe hata mumoja nje ya dua, na ndipo mikono inainuliwa. Muitaji nilikuwa mimi, tangu shangazi Feza alipofariki. Hakuna aliyewahi kuyaandika, yalikaa kichwani mwangu. Mwaka ule, kama mwaka uliotangulia, muitaji alikuwa Sadiki.

Tulikuwa nyumbani kwake Mabanga. Wanaume sebuleni, sisi wanawake kwenye baraza, mulango wazi katikati. Walikuwa wamenipa sinia ya maharage nichague mawe, kazi ya mutu asiyesema. Sadiki akaanza kuita: "Baba yetu Abedi. Mama yetu Mwamini. Shangazi Feza…" Na mukono wangu wa kushoto, kila jina, ukatoa haragwe moja zuri na kuliweka juu ya mukeka. Sikupanga. Ilikuwa ni kama kushona, mukono unajua. Lakini alipoita wengine, niliona safu yangu inamutangulia. Mukono ulikuwa unaweka na wale aliowaruka.

"…na wote waliotangulia," Sadiki akamaliza. "Tuombe."

"Hapana!" nikasema.

Watu wakageuka. Sadiki akasema kwa upole, "Yaya, subiri kidogo."

"Hapana! Njoo. Njoo!" Nikapiga mukeka mpaka maharage yakaruka.

Akaja mulangoni. Nikasukuma mbele yake maharage ya wale aliowaruka, nikashika moja, nikashika sikio langu, nikalivuta chini. Wanawake wakatazamana. Mama Sifa, ambaye tumezeeka pamoja, akasema, "Mutu wa sikio… Si muzee Kibwana, aliyekatwa sikio katika uasi?"

"Yeye!" nikasema.

Sadiki alikuwa amemuacha muzee Kibwana. Nikachukua la pili, nikaonyesha upande wa ziwa, nikafanya na mukono mutumbwi unaopinduka. "Asumani!" watu wa sebuleni wakasema, na sasa walikuwa wamesimama. La tatu, nikapuliza kama mutu anayepuliza filimbi ya mupira. "Juma, refa!" Wakaanza kucheka na kulia pamoja, wanabahatisha kama watoto, na kila wakipata ninasema yeye, yeye, naweka haragwe kwenye safu.

Likabaki moja.

Nililishika nikamutazama Zaina. Walitaja huyu na yule. Hapana. Hapana. Mwishowe nikaunyoosha mukono, nikaweka haragwe juu ya tumbo la binti yangu.

Zaina akasema, akitazama chini, "Ni mutoto wangu."

Wengi pale hawakujua. Mulima ulipotoka mara ile ya kwanza, miaka mingi kabla ya ugonjwa wangu, moto ulipopita katikati ya muji, Zaina alikuwa amejifungua siku chache tu. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mupaka, kwa miguu, majivu yakianguka. Mutoto alikufa kule kabla ya siku ya saba, kabla ya kunyolewa na kupewa jina. Tulimuzika katika ardhi ya watu. Kila mwaka nilipokuwa naita wafu, nikifika mwisho nilinyamaza kidogo. Watu walifikiri navuta pumzi. Nilikuwa namuita yeye.

"Yaya," Sadiki akasema, na sauti yake ilikuwa ya yule mutoto niliyemutafunia viazi. "Huyu hana jina. Nitamuita nani?"

Hata ningekuwa na ulimi wangu wa zamani, nisingekuwa na jina hilo. Nikachukua kiganja chake, nikaweka haragwe ndani, nikafunga vidole vyake kimoja kimoja.

Alisimama pale. Kisha akarudi sebuleni, akaketi mahali pake, akainua mikono, na ngumi moja ilikuwa imefungwa. Aliita wale watatu aliowasahau. Akafika mwisho. Akasema, "Na huyu, Mola. Huyu unayemujua." Kisha akasema tena, polepole, "Unayemujua." Hakuweza kuendelea, watu wakaitikia amina juu ya kimya chake.

Baada ya chakula alipiga simu Kindu mbele yetu sote. "Shabani," akasema, "usije uwanja wa ndege. Yaya habadilishi nyumba… Hapana, hajapona. Akili yake? Akili yake imetushinda sisi sote hapa." Mufungo ule nilifunga, siku nilizoweza, na niliswali katika safu ya wanawake kwa sauti, na neno lililotoka lilitoka.

Maneno yamerudi, si yote. Majina yalirudi mwisho kabisa, la Zaina kwanza, asubuhi akinipa uji. Tangu hapo vita vilifika mpaka ndani ya muji, tukalala chini ya kitanda, na hata namna watu wanavyopendana hapa imebadilika. Muguu wa kuume bado unaburuta. Kwa Kambale naenda bado, kila ninapopata njia.

Juzi Sadiki alikuja kunisalimu. Tukakaa barazani. Akazungusha fimbo yake muda murefu, kisha akasema:

"Yaya, nataka kukuuliza kitu. Ile miaka, bila jina lake hata moja. Ulikuwa unamuona Mungu namna gani?"

Nikafikiri. Nilitaka kumujibu vizuri, kwa sababu hajawahi kuniuliza jambo la dini maisha yake yote. Nikatafuta, nikatafuta. Ulimi ulikuwa mwepesi siku ile, hakuna neno lililonikatalia.

"Sijui, Sadiki," nikamuambia. "Tandika mukeka, alasiri inapita."